Kuchanga, Kuchangia, Kuchangishwa

Kitenzi kilichojenga shule nyingi katika nchi hii ni kuchanga. Mtu huchanga kwa mkono wake na kwa ridhaa yake. Watu wa Mwambao tumechanga tangu kale: tumechanga arusi na maziko, tumekula vikoa, tumetoa changizo la kuezeka msikiti na la sanda ya maiti asiye na jamaa. Ongeza kiambishi, mambo yanaanza kugeuka. Kuchangia kunamtaja anayenufaika: unamchangia fulani, unachangia jambo fulani. Kuchangisha kunamleta mtu wa tatu, yule anayesimama mlangoni na daftari. Ukifika kwenye kuchangishwa, mwenye daftari naye hatajwi tena. Anayeonekana ni mzazi, na fedha imeshamtoka. Sarufi yetu ni aminifu sana katika jambo hili. Inatunza hesabu ya ridhaa, na kila kiambishi kinachoongezeka kinaipunguza.

Nayasema haya nikiwa Tanga, mji wenye shule kongwe kuliko miji mingi ya bara hili letu la Tanganyika ya zamani, na mji ambao watu wake wanapenda neno lisemwe linavyopaswa kusemwa. Fedha za shule ya umma hapa kwetu hupatikana kwa mazungumzo. Mazungumzo hayo yanafanyika kwa Kiswahili, kuanzia mkutano wa wazazi chini ya mwembe hadi Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ya halmashauri. Mzazi anayeyaelewa maneno yake anajua pa kuuliza na pa kukataa. Asiyeyaelewa anarudi nyumbani akiwa ameshakubali.

Tuanze na ada, kwa kuwa ndiyo iliyofutwa mara nyingi zaidi. Kwa asili yake ya Kiarabu, ada ni mazoea, desturi. Katika Kiswahili cha zamani ada ilikuwa kile ambacho mila inakutaka utoe: ada ya mganga, ada ya somo aliyemfunda mwari, ada ya mwalimu wa chuoni mtoto anapohitimu msahafu. Haikuwa bei ya kitu kilichopo dukani. Ilikuwa heshima iliyozoeleka, na mwenye kuikwepa alionekana hana adabu. Shule ya serikali ilipolichukua neno hili ililiacha na harufu yake: ada inalipwa kwa sababu ndivyo inavyolipwa.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, yaani UPE, lengo likiwa kuifikia ifikapo 1977. Uchumi ulipoyumba ada ikarudi, na kufikia miaka ya 1990 mzazi alikuwa akilipa shilingi 2,000 kwa mtoto, fedha iliyoitwa ada ya UPE, ingawa UPE ndiyo iliyokuwa imeahidi shule isiyo na ada. Mwaka 2001 ikafutwa tena, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ukaanza rasmi 2002. Mwishoni mwa 2015 ukatoka Waraka wa Elimu Na. 5 ulioifuta hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Mwaka 2022 zamu ikafika kwa kidato cha tano na cha sita.

Kila mara kilichofutwa ni fedha yenye jina la ada. Desturi yenyewe haifutwi kwa waraka. Ilitafuta jina jingine, na jina lililokuwa karibu lilikuwa mchango: wa dawati, wa mlinzi, wa mtihani wa majaribio, wa maji, wa umeme, wa uji. Neno lile la hiari, neno la arusi na msiba, likabebeshwa mzigo wa ada. Ndipo vikazaliwa virai ambavyo babu zetu wasingevielewa. "Kudaiwa mchango." "Kukamilisha mchango." "Mchango wa lazima." Mchango unaodaiwa ni deni, na deni lina sheria zake: linahitaji mkataba, linahitaji risiti, linahitaji mdai anayejulikana. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango amerudishwa kwa deni ambalo hakuna aliyethubutu kuliita hivyo.

Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni na kuwakataza walimu kuishika. Waliofurahi walikuwa wengi. Walioingia wasiwasi walikuwa walimu wakuu, waliojua kwamba mlinzi atadai mshahara wake mwisho wa mwezi. Maelezo yaliyofuata yalirudi kwenye sarufi: aliye tayari kuchanga achange, ila fedha isipite mikononi mwa mwalimu. Kwa maneno mengine kuchanga ruksa, kuchangisha hapana. Naona uamuzi ule uliligusa tatizo mahali pake hasa, kisha ukaliacha nusu njia, kwa sababu mlinzi wa shule halipwi na mnyambuliko wa vitenzi.

Waraka Na. 3 wa 2016 ulikuwa umejaribu kupanga nani analipa nini, na una istilahi moja ambayo wengi wameipita bila kuitazama: elimumsingi, neno moja, lililoandikwa kwa kuunganishwa. Lilikuja na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, nalo si sawa na elimu ya msingi. Elimu ya msingi, kwa mazoea yetu, inaishia darasa la saba. Elimumsingi inavuka mpaka huo na kwenda hadi kidato cha nne. Tofauti hiyo ndogo ya maandishi imebeba miaka minne ya ada ya sekondari, na ninawasifu waliolibuni neno hili, ingawa ningependa lisemwe kwenye mikutano kwa sauti, maana kwa sikio tu tofauti yake karibu haisikiki.

Waraka ulisema "bila malipo". Watu wakasema "bure". Hapo ndipo mambo yalipoharibika kidogo. Bure kwa Kiswahili ina maana ya kutolipiwa, na ina maana ya kutofaa: kazi bure, amehangaika bure, mtu bure. Tena bure haina mpaka, ilhali waraka ulikuwa na mipaka mingi. Uliwaachia wazazi sare, madaftari na kalamu, matibabu, chakula cha mtoto wa kutwa, godoro la mtoto wa bweni, nauli. Mzazi aliyeambiwa bure, kisha akaambiwa anunue sare na achangie uji, aliona amedanganywa. Aliyeambiwa "bila ada" angejua tangu mwanzo kwamba kilichoondoka ni kitu kimoja chenye jina, na vilivyobaki vinazungumzika. Jirani zetu wa Kenya, ambao wao husema karo, wamepitia mkanganyiko kama huo tangu elimu ya msingi ya bila karo ilipoanza huko Januari 2003.

Sasa tupande upande wa serikali, kwenye ruzuku. Hili ni neno lenye nasaba tukufu. Linatoka shina moja na riziki. Mwenye kuruzuku, kwa imani ya watu wa Pwani, ni Mwenyezi Mungu. Ndiyo maana mitaani kwetu akina Abdulrazaki ni wengi. Katika ofisi, ruzuku ya uendeshaji ni fedha ambazo Serikali Kuu huipa shule kwa idadi ya wanafunzi wake. Walimu hawaiiti hivyo. Wao husema kapitesheni, neno lililopitia Kiingereza na ambalo mzizi wake ni kichwa katika Kilatini. Wazee waliokwepa mgambo wa kodi watashangaa kusikia kwamba kapitesheni na kodi ya kichwa ni ndugu wa damu. Kodi ya maendeleo, ambayo wananchi hawakuacha kuiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Vichwa vinaendelea kuhesabiwa, safari hii ili kitu kije badala ya kwenda.

Kinachokuja ni kiasi gani? Kiwango kilichowekwa wakati wa MMEM kilikuwa dola 10 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na kwa fedha zetu kikawa shilingi 10,000, maana siku zile dola ilikuwa chini kidogo ya shilingi elfu moja. Mwanafunzi wa sekondari alipangiwa shilingi 25,000. Dola ilipanda mwaka hata mwaka hadi ikavuka shilingi elfu mbili. Elfu kumi ya mwanafunzi ilibaki elfu kumi. Utaratibu wa elimumsingi bila malipo ulipoanza 2016, kati ya elfu kumi hizo shilingi 6,000 ndizo zilizopelekwa shuleni na 4,000 zikabaki kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 800 hupata hivyo shilingi 4,800,000 kwa mwaka, sawa na laki nne kwa mwezi, kwa chaki, karatasi, mitihani, ukarabati na michezo. Gawanya mwenyewe.

Jambo moja jema lilitokea wakati huo huo: fedha zilianza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za shule badala ya kusubiri halmashauri. Lakini jina la ruzuku lina hatari yake. Riziki haiulizwi imetoka wapi wala kwa nini imepungua, mja hushukuru. Nimesikia watu wazima, wenye akili zao, wakiipokea taarifa ya ruzuku kwa makofi, kana kwamba haikutoka kwenye kodi ya sukari na mafuta ya taa waliyonunua wenyewe. Ruzuku ya shule inapaswa kuulizwa, kwa adabu na kila mwezi. Enzi za MMEM ilitakiwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule. Utaratibu ule ulikuwa mzuri kuliko hotuba nyingi.

Pale ruzuku inapoishia ndipo halmashauri inapoanza. Neno halmashauri limebeba shauri ndani yake, na msingi wake ni watu wa kushauriana. Anayekaa humo ni diwani. Watu wa Mrima hatukulipata neno hili kutoka Dodoma. Katika miji ya pwani hii, Vanga, Tanga, Tongoni, Pangani, diwani alikuwa mkubwa wa mji zamani sana kabla ya uchaguzi wa kata, na pembeni yake walikuwapo majumbe. Tena, nyuma zaidi, huko Uarabuni na Uajemi, diwani lilikuwa jina la daftari: Khalifa Umar alipoanzisha diwani, aliandikisha humo majina ya askari na posho zao. Kazi za mshairi Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, nazo zilikusanywa kwa jina la diwani, neno lilelile la daftari. Kwa hiyo ukimwambia mheshimiwa diwani wako kwamba kazi yake ya kwanza ni kusoma hesabu, humtukani. Unamkumbusha maana ya cheo chake.

Jumbe naye alipata misukosuko. Wajerumani walipopanga utawala wao wa liwali, akida na jumbe, kisha wakaleta kodi ya kibanda mwaka 1898, jumbe ndiye aliyesukumwa mbele kuikusanya kwa watu wake. Leo tunao wajumbe wa kamati ya shule. Wapo wanaowakilisha wazazi mbele ya mwalimu mkuu, na wapo waliogeuzwa majumbe wa zama zile, wakipita nyumba kwa nyumba na orodha. Mjumbe maana yake ni mbeba ujumbe, na ujumbe unaweza kwenda pande mbili.

Kamati ni ya shule ya msingi, bodi ni ya sekondari, kama vile mwalimu mkuu ni wa msingi na mkuu wa shule ni wa sekondari. Zote zina mizizi katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Nataja hili kwa haraka kwa sababu siku hizi wasomaji hukutana na habari za bodi za shule za Marekani, zinazochaguliwa kwa kura na ambazo katika majimbo mengi zina mamlaka ya kutoza kodi ya majengo. Bodi yetu haina kodi hata ya senti moja. Kenya nako bodi za usimamizi hazitozi kodi, na serikali za kaunti zilizoundwa na Katiba ya 2010 zilipewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, huku shule za msingi na sekondari zikibaki kwa Serikali ya Taifa. Mzazi wa Lunga Lunga na mzazi wa Horohoro, wanaotenganishwa na kizuizi cha mpakani tu, wanagonga milango tofauti kwa dawati lilelile.

Wa Horohoro anagonga mlango wa mtaa au kijiji, kisha kata, kisha halmashauri ya Mkinga. Mipango yake itaandikwa kwa utaratibu unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, jina zuri linaloanza na fursa. Atakachokutana nacho mapema zaidi ni ukomo. Ukomo wa bajeti ni kiwango ambacho halmashauri imeambiwa isikivuke, na huteremka kutoka Hazina kupitia TAMISEMI, ofisi inayosimamia halmashauri. Istilahi hii ni sahihi mno. Imetoka katika kukoma, na mtu yeyote anayejua Kiswahili anaielewa bila kufundishwa. Kasoro yake ni kwamba haisemwi pale inapohitajika. Wananchi huulizwa wanataka nini, wanataja madarasa sita, nyumba mbili za walimu na vyoo matundu kumi, orodha inaandikwa vizuri. Ukomo wanakuja kuusikia baadaye, kama jibu. Ungesemwa mwanzoni mwa mkutano, watu wangechagua. Ukisemwa mwishoni, watu wananyamaza. Na yale yanayozidi ukomo yana jina lake kwenye vitabu: maombi maalumu. Wenzangu wa Tanga wanajua maombi ni nini, na wanajua kwamba majibu yake hayana tarehe.

Ndani ya bajeti kuna fungu na kuna kasma. Fungu ni sehemu, kama fungu la dagaa sokoni Deep Sea. Wavuvi wetu wanalijua pia kama kilima cha mchanga kinachochomoza maji yakipwa. Kasma ni mstari mmoja wa matumizi wenye namba yake. Nimelipenda neno kasma tangu nilipogundua ukoo wake. Shina lake la Kiarabu ni kugawa, na kutoka shina hilo tumepata kukasimu, kama katika kukasimu madaraka, na tumepata pia kismati, bahati ya mtu aliyogawiwa. Afisa anaposema "hatuna kasma ya vyoo", anasema jambo la kihasibu: mstari huo haupo kwenye kitabu. Msikilizaji husikia kismati, kwamba hatukujaliwa. Jibu linalofaa ni moja: kasma haziumbwi mbinguni, huandikwa kila mwaka, na huandikwa na watu wanaoweza kuombwa waongeze mstari kabla kitabu hakijafungwa. Zamani kitabu hicho tulikiita makadirio ya mapato na matumizi, na nasikitika kwamba bajeti imelisukuma neno hilo pembeni, kwa sababu makadirio yanakiri kwamba ni kipimo cha binadamu kinachoweza kurekebishwa.

Mkoba pekee ambao halmashauri inaweza kuufungua kwa mkono wake ni mapato ya ndani. Hapo majirani hatulingani. Jiji la Tanga lina viwanda vya saruji, bandari na biashara, na sheria inaruhusu ushuru wa huduma kwenye mauzo ya makampuni. Muheza ina machungwa, Pangani ina nazi na mkonge uliotia mizizi kwanza kwenye ardhi yake, na ushuru wa mazao, sesi kama wakulima wanavyouita, ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alipata nafuu ya kweli, na daftari la halmashauri likapungua siku hiyohiyo. Katika mapato hayo asilimia 10 inatakiwa iende kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na sehemu nyingine itengwe kwa miradi ya maendeleo, ambamo shule inagombea na zahanati, barabara na soko. Diwani anayetaka darasa kwenye kata yake anagombania mkoba huu. Mishahara ya walimu haimo. Hiyo hulipwa na Serikali Kuu, na idadi yao hupangwa kwa kitu kinachoitwa ikama. Neno hili Mwislamu wa Tanga hulisikia mara tano kwa siku, pale sala inapokimiwa na watu wakasimama safu. Ikama ya walimu ni safu hiyo. Shule nyingi za vijijini zina safu yenye mapengo, na halmashauri haina uwezo wa kuyaziba.

Nimebakiza neno linalonigusa kuliko yote: boma.

Kwa wazee wetu boma lilikuwa uzio wa miti au ngome. Wajerumani wakaliita boma jengo la utawala. Tanga inalo, Pangani inalo, na hadi leo anayekwenda ofisi ya wilaya katika miji kadhaa husema anakwenda bomani. Wamasai wa Handeni na Kilindi wanalo la kwao, la mifugo na familia. Katika vikao vya halmashauri vya leo, boma ni darasa lililosimamishwa kuta bila paa. Sijui neno jingine la kiutawala lililoteremka kutoka kwa mtawala hadi kwa mwananchi kiasi hiki. Boma la Mjerumani lilijengwa ili kumtoza mtu kodi. Boma la sasa analijenga mtu huyohuyo.

Linajengwaje? Huku kwetu, hasa Lushoto, Korogwe na Muheza, na kwa jirani zetu Wapare, bado linatumika neno msaragambo: watu wote wanatoka siku moja kwa kazi ya wote. Mawe yanasombwa, mchanga unashushwa, kina mama wanabeba maji kichwani tangu alfajiri. Msingi unachimbwa, kozi zinapandishwa, boma linafika usawa wa lenta. Hapo kazi inasimama, kwa makubaliano ambayo kila mtu anayajua ingawa ni nadra kuyakuta yameandikwa: wananchi wafikishe lenta, halmashauri ipaue, iezeke, ipige lipu na sakafu. Haya ndiyo mapatano halisi ya fedha za shule nchini mwetu. Hayafanyiki mezani. Hufanyika kwa matofali, na upande wa kwanza hutimiza kabla ya upande wa pili kuahidi.

Katika ripoti sehemu ya wananchi huandikwa "nguvu za wananchi", na pembeni yake thamani kwa shilingi. Nguvu ni neno kubwa, lakini bei yake mara nyingi hukadiriwa na asiyebeba. Kuna njia ya kuipata bei hiyo kwa hesabu za Serikali yenyewe. Mwaka 2021, katika mpango wa fedha za UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, yalijengwa madarasa mapya 15,000, mengi ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila darasa kwa shilingi milioni 20. Mwaka huohuo fedha za kumalizia boma la darasa zilitolewa kwa kiwango cha shilingi milioni 12.5. Toa hiyo katika ishirini. Inabaki milioni 7.5. Hiyo ndiyo thamani ya boma, ya maji ya kina mama na mchanga wa vijana, kwa kipimo cha Hazina: zaidi ya theluthi moja ya darasa. Shule yetu ya watoto 800 hupokea ruzuku ya milioni 4.8 kwa mwaka. Kijiji kilichosimamisha boma moja kimetoa zaidi ya ruzuku ya mwaka mzima na nusu, nacho bado kinaitwa mnufaika.

Na boma likikaa bila paa misimu miwili ya vuli na masika, kuta hulegea na sehemu ya milioni 7.5 hizo hurudi ardhini. Hakuna kasma inayoirudisha. Shule ya Sekondari Usagara hapa mjini wazee bado wanaikumbuka kwa jina la Karimjee, ukoo wa wafanyabiashara wafadhili, na ni haki fadhila kukumbukwa. Mamia ya watu waliosimamisha maboma ya Mkinga na Kilindi hawana jina ukutani. Wangeridhika, nadhani, na tarehe ya bati.

Basi ombi langu kwa mzazi mwenzangu ni dogo. Mkutano wa shule utakapoitishwa, uliza mapema: ukomo wa mwaka huu ni kiasi gani, na ruzuku iliyoingia mwezi uliopita ni kiasi gani. Likizungumzwa boma, dai iandikwe lini linafika lenta, lini linaezekwa na kwa kasma ipi, na sahihi ya mtendaji iwepo karibu na ya mwenyekiti wa kamati. Ikitajwa fedha ya kutoa, sikiliza kitenzi. Kama watu wamechanga, muhtasari useme wamechanga; kama wamechangishwa, useme hivyo na umtaje aliyechangisha. Na karatasi ya mahudhurio ambayo hupitishwa watu wakiwa wameshaanza kuinuka hubandikwa nyuma ya muhtasari huo, ikawa ushahidi wa makubaliano. Usiisaini kabla katibu hajakusomea kilichoandikwa mbele yake.